Nafuu iliyoficha kibofu kilichojaa: uchambuzi wa kisa cha tezi dume na magome ya mti

Jina la mgonjwa, kijiji chake na hospitali alizopitia vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Tutamwita Mzee M. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wauza dawa wa ngazi ya chini. Mwanafamilia mwenye mzee nyumbani anaweza kukisoma pia bila kuhitaji mkalimani.

Usuli

Mzee M. ni mkulima wa kahawa na ndizi kwenye miteremko ya kaskazini mwa Tanzania. Umri wake umevuka miaka 65. Havuti sigara, hana kisukari, na kabla ya mambo haya alikuwa hajawahi kulazwa. Anaishi na mke wake. Watoto wamekua na kutawanyika, mmoja wao yuko Marekani.

Shida ilianza kama inavyowaanza wanaume wengi wa rika lake. Mkojo ulianza kuchelewa kutoka, mkondo ukawa mwembamba, unakatika katikati, na baada ya kumaliza anahisi bado kuna kilichobaki. Usiku aliamka mara nne au tano. Alikwenda zahanati mara mbili, na mara zote mbili alitibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa antibiotiki ya sipro bila mkojo kupimwa. Mara ya pili aliambiwa anywe maji mengi. Kwa mtu ambaye kibofu chake hakimwagi, ushauri huo ni mzigo juu ya mzigo.

Tezi dume iko chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo. Ikitanuka inaweza kuibana njia hiyo, na kutanuka huku si saratani. Ukichukua wanaume waliofikia miaka ya 60 na kuangalia tezi zao kwa darubini, takribani nusu yao utawakuta na mabadiliko haya, ingawa si wote wanaosumbuliwa. Tezi kubwa inaweza isimsumbue mwenyewe, na ndogo ikamnyima mwingine usingizi. Kwa hiyo maelezo ya mgonjwa peke yake hayakuambii kibofu kina hali gani. Jambo hili ndilo lililokipeleka kisa chote mahali kilipofika.

Magome

Baada ya sipro kushindwa, jirani alimpeleka kwa mganga wa tiba asili anayeuza sokoni siku za gulio. Mganga alimpa magome ya mti ambao Wachagga huuita mkonde-konde na Wakikuyu mueri. Kwa jina la kitaalamu ni Prunus africana. Ni mti wa misitu ya milimani, na gome lake ukilikwaruza linanukia kama lozi chungu. Maelekezo yalikuwa kuchemsha konzi moja hadi maji yawe mekundu, kisha kunywa kikombe asubuhi na jioni. Mganga akaongeza sharti moja: jua likishazama, asinywe chai wala kahawa.

Baada ya wiki chache Mzee M. alikuwa anaamka mara mbili tu. Aliwasimulia wenzake, na wawili kati yao wakaenda sokoni.

Mti huu hauna sifa ya kubahatisha. Dawa iliyotengenezwa kwa magome yake imeuzwa Ufaransa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na uvunaji uliofuata barani Afrika ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1995 mti uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, unakufa. Mganga wetu, kwa sifa yake, alikuwa akichuna upande mmoja.

Vidonge

Mwaka ulipokaribia kuisha, mtoto wa Marekani alituma makopo ya vidonge vya saw palmetto, mmea wa jamii ya mitende wenye matunda meusi unaoota kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Mzee M. hakuacha magome. Alitumia vyote viwili.

Kuanzia hapo simulizi ya mgonjwa na hali ya mwili wake vilianza kuachana. Yeye alisema anaendelea vizuri: hajikamui tena, mkojo unatoka wenyewe, tena mara nyingi, kidogo kidogo. Aliamini dawa inasukuma. Mke wake aliona mengine. Shuka zilikuwa zinalowa usiku. Tumbo la chini lilikuwa limetuna, na watoto wakamtania kwamba uzee umemletea kitambi. Miguu ilivimba jioni. Hamu ya kula ilipungua. Maumivu hayakuwepo kabisa, na kwa kuwa hayakuwepo, hakuna aliyeona haraka ya kwenda popote.

Usiku wa mafua

Masika yalipoanza alishikwa na mafua. Kwenye duka la dawa muhimu alipewa vidonge vya mchanganyiko vyenye klofeniramini ya kukausha kamasi na pseudoefedrini ya kuzibua pua. Dawa ya kwanza hulegeza misuli ya kibofu, ya pili hukaza shingo ya kibofu. Kwa kijana ni usingizi tu na mdomo mkavu. Kwa mzee mwenye tezi iliyotanuka ni kufunga mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo. Alimeza viwili jioni. Alfajiri hata yale matone yalikuwa yamekata, na sasa maumivu yakaja.

Kituo cha afya

Tabibu wa zamu alifanya jambo ambalo kwa zaidi ya mwaka hakuna aliyekuwa amelifanya: alimlaza chali akaweka mkono tumboni. Kibofu kilifika kitovuni, na alipokigonga kwa vidole kilitoa sauti butu. Akaweka mpira wa mkojo namba 16. Ulitoka mkojo lita 1.7.

Hapa palikuwa na uamuzi wa kwanza. Wengi tulifundishwa kuubana mpira kila baada ya nusu lita ili kibofu kisitoke damu wala presha isishuke ghafla. Tabibu aliuacha mkojo utoke wote. Alikuwa sahihi, kwani utafiti uliolinganisha njia hizo mbili haukuonyesha faida ya kuachia kidogo kidogo, na kibofu kinachobaki kimejaa kinaendelea kumtesa mgonjwa na figo zake.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mzee aliomba mpira utolewe kesho yake arudi nyumbani, na kwa mtu aliyeziba ghafla akatoa mililita 600 au 700, kumpa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, kwa siku chache kisha kujaribu kuutoa ni njia inayokubalika. Lakini kiasi cha lita 1.7 hakijengeki kwa usiku mmoja. Kibofu hicho kilikuwa kimejaa kwa miezi. Tabibu aliandika rufaa siku hiyo hiyo, mpira ukiwa ndani.

Hospitali ya mkoa

Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa mikromoli 490 kwa lita, wakati kwa mwanaume wa kawaida haizidi takribani 110. Potasiamu ilikuwa 5.9, nayo juu ya kawaida. Altrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimetanuka kwa mkojo uliorudi nyuma, kuta za kibofu zimekuwa nene, na tezi dume ina ujazo wa mililita 94, zaidi ya mara tatu ya ile ya kijana.

Saa 24 za kwanza alitoa mkojo zaidi ya lita 5. Hili hutokea figo zilizobanwa muda mrefu zinapoachiwa, na ndicho kipindi ambacho mgonjwa "aliyekwisha kupona" anaweza kukauka maji na kuzimia akienda chooni. Wauguzi walipima mkojo kila saa, wakampima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na uzito kila asubuhi. Alipewa maji ya kunywa kadiri ya kiu, na dripu iliyofidia sehemu tu ya kilichotoka. Ukirudisha kila tone lililotoka, figo zitaendelea kumwaga unachozipa, na hutajua zoezi linaisha lini.

Kwenye faili, mahali pa dawa anazotumia, paliandikwa "hakuna". Ameulizwa zahanati, kituo cha afya na mapokezi, na kote alijibu hivyo. Siku ya tatu muuguzi wa wodi, mwenyeji wa eneo hilo, alikaa kando ya kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, wazee wetu wakisumbuliwa na mkojo wanachemsha magome. Wewe ulikunywa ya mti gani?"

Mzee alicheka. Mke wake alimwambia, "Mwonyeshe basi." Kopo lilitoka kwenye mfuko wa koti, na hadithi ya magome ikafuata bila kulazimishwa.

Maamuzi na sababu zake

Mtoto wa Marekani alipiga simu. Alitaka baba yake aongezewe dozi ya vidonge pamoja na tamsulosini kabla ya mtu yeyote kutaja kisu. Kwa mgonjwa mwingine ombi hilo lingejadilika. Kwa huyu, daktari alikataa hata jaribio la kutoa mpira. Pale ambapo mkojo uliobaki umeziharibu figo, kuutoa mpira ili kuona itakuwaje ni kuzirudisha figo kwenye shinikizo lile lile, tena bila maumivu ya kumwamsha mgonjwa. Mpira ungekaa hadi upasuaji. Daktari alimsomea kijana namba za kreatinini za siku ya kwanza, ya nne na ya kumi. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mafupi.

Kipimo cha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume kinachotumika kutafuta dalili za saratani, hakikuchukuliwa wodini. Mkojo kuziba na mpira wenyewe hupandisha PSA, na matokeo yangewatia hofu ya saratani bila sababu. Kilichukuliwa wiki sita baadaye kikasoma 7.1. Kwa tezi ya kawaida namba hiyo ingetia wasiwasi. Kwa tezi ya mililita 94 ni chini ya 0.08 kwa kila mililita, na kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa kilikuta tezi laini isiyo na vinundu. Waliamua kuendelea na upasuaji na kupeleka nyama yote maabara, badala ya kuanza na kuchukua vinyama kwa sindano.

Aina ya upasuaji iliamuliwa na ukubwa. Kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo kunafaa zaidi kwa tezi isiyozidi mililita 80 hivi. Yake ilitolewa kwa upasuaji wa wazi, kwa ganzi ya mgongo. Saw palmetto ilisimamishwa wiki mbili kabla. Ushahidi kwamba inaongeza kutoka damu ni mdogo, lakini kuisimamisha hakugharimu kitu. Magome yalikuwa yamesimama tangu siku ya kulazwa.

Wiki zile nane za kungoja figo zitulie ndizo Mzee M. anazozikumbuka vibaya kuliko upasuaji wenyewe. Aliuficha mfuko wa mkojo chini ya koti refu hata jua likiwa kali, na ibada ya Jumapili aliisikilizia redioni.

Matokeo

Majibu ya maabara yalionyesha tezi iliyotanuka tu, bila saratani. Mpira ulipotolewa alikojoa mwenyewe. Wiki za mwanzo mkojo ulimvuja akikohoa, kisha ukakoma. Miezi mitatu baadaye mkojo uliobaki baada ya kukojoa ulikuwa mililita 90, na anaamka mara moja au mbili usiku. Kreatinini ilishuka hadi 150, ikakwama hapo. Figo zimerudi kwa sehemu, na sehemu iliyopotea haitarudi. Kwenye kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, dawa ambazo mkulima yeyote wa huku hupewa mgongo ukimuuma.

Uchambuzi: nafuu ilitoka wapi?

Ni rahisi kusema magome hayakufanya kitu. Sidhani kama ni haki, na mgonjwa aliyeonja nafuu hatakusikiliza ukianza hivyo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliopewa dondoo ya Prunus africana walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19 na mkojo uliobaki kwa asilimia 24. Hizo si namba za kudharau. Ila majaribio yalikuwa madogo, mengi ya miezi miwili hivi, na hakuna lililofuatilia kama watu walikuja kuziba au kuharibikiwa figo.

Halafu kuna suala la sufuria. Kilichopimwa ni dondoo iliyotolewa kwenye gome kwa viyeyusho vya kemikali na kuwekwa kwenye kidonge kwa kipimo kinachojulikana, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Vitu vinavyodhaniwa kufanya kazi, yaani sterol za mimea, triterpeni na esta za asidi feruliki, huyeyuka kwenye mafuta. Maji yanayochemka huvitoa kwa shida. Maji mekundu aliyokuwa akiyanywa Mzee M. yalikuwa zaidi na tanini, ile inayokausha ulimi. Huwezi kuchukua matokeo ya kidonge cha Ulaya ukayabandika kwenye kikombe cha gulioni.

Saw palmetto nayo imepimwa vizuri zaidi na imefanya vibaya zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilikuwa na wanaume 225 na likachukua mwaka mzima, bila tofauti yoyote na kidonge tupu. Lingine, CAMUS, la mwaka 2011, lilikuwa na wanaume 369 na likapandisha dozi hadi mara tatu. Alama za usumbufu zilipungua kwa 2.20 kwa waliopewa dawa, na kwa 2.99 kwa waliopewa kidonge tupu. Wenye kidonge tupu walipata nafuu! Mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Ulaya bado unaikubali aina moja ya dondoo yake, iliyotengenezwa kwa kiyeyusho cha heksani, kwa mwanaume anayeogopa madhara ya dawa nyingine kwenye tendo la ndoa, na unakiri kwamba faida yake ni ndogo. Kopo la dukani halikuambii limetengenezwa kwa njia ipi.

Kwa hiyo nafuu ya mwaka wa kwanza ilitoka wapi? Dalili za tezi dume hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huenda sokoni wakati zimepanda. Matumaini yana nguvu yake, kama CAMUS ilivyoonyesha. Lakini ninaloliamini zaidi ni lile sharti la chai. Mzee aliyekuwa akinywa vikombe vitatu vya chai baada ya chakula cha jioni, akaacha, lazima ataamka mara chache. Mganga alitoa ushauri ambao zahanati ilipaswa kuutoa, na sifa zote zikaenda kwa gome.

Nafuu ya mwaka wa pili haikuwa nafuu. Mkojo unaotoka wenyewe kidogo kidogo kutoka kwenye kibofu kilichojaa ni kufurika. Mzee wa kiume anayeanza kulowesha kitanda, hana maumivu na tumbo la chini limetuna, anahitaji mpira na kreatinini siku hiyo hiyo, hata kama anakuambia yuko vizuri.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichokwama

Mkono tumboni ulifanya kazi, na ulihitaji dakika moja. Kukataa kuutoa mpira kulifanya kazi. Swali la muuguzi lilifanya kazi kwa sababu lilichukulia kwamba magome yalitumika na kwamba si aibu. Lile la mapokezi, "unatumia dawa yoyote?", lilimwachia mzee nafasi ya kujikinga na kugombezwa.

Kilichokwama kilianza mapema. Sipro mara mbili bila kupima mkojo ilimfunza mgonjwa kwamba hospitali haina jibu. Dukani, swali moja, "mzee, mkojo unatoka vizuri?", lingetosha kumbadilishia vidonge vya mafua. Na matumizi ya mitishamba hayakuwa na mwisho wala kipimo. Hakuna aliyesema "tujaribu miezi mitatu kisha tuangalie", na hakuna aliyejua kibofu kilikuwa na kiasi gani mwanzoni. Dawa za hospitali nazo zingeweza kuingia mtego huo huo, maana tamsulosini hulegeza njia lakini haipunguzi tezi. Tofauti ni kwamba kuna dawa zilizoonyeshwa kuzuia hali isiharibike: katika jaribio la MTOPS la mwaka 2003, lenye wanaume 3,047, doksazosini na finasteridi kwa pamoja zilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66. Finasteridi hupunguza tezi taratibu, na hushusha PSA hadi karibu nusu, jambo la kuandikwa kwenye faili kabla mtu hajaisoma namba vibaya. Mmea wowote haujawahi kuonyesha kinga ya namba hizo.

Akija mzee mwingine kesho akitaka dondoo ya magome, sioni sababu ya kumfukuza. Apimwe mkojo na kreatinini, afanyiwe kipimo cha kidole, na altrasaundi ya kibofu baada ya kukojoa. Figo zikiwa nzima na mkojo uliobaki ukiwa kidogo, ajaribu kidonge chenye kipimo kinachojulikana, si cha kuchemsha, na arudi baada ya miezi mitatu kupima tena kilichobaki kibofuni, hata kama anajisikia kijana. Mkojo uliobaki ukiwa umeongezeka, jaribio limekwisha, haijalishi anaamka mara ngapi.

Mzee M. aliuliza kliniki kama anaweza kuyarudia magome yake. Aliambiwa tezi iliyokuwa ikibana imeshatolewa, na figo zake sasa hazina akiba ya kuchujia kitu chenye viambato visivyojulikana. Alikubali kuhusu magome. Kuhusu kutokunywa chai baada ya jua kuzama, daktari alimwambia aendelee na sharti la mganga.